Lubumbashi: nilivyouza usiku wa hoteli

Mwezi wa saba mwaka 2022 familia yetu ya Bukavu ilinipa kazi ambayo hakuna aliyeigombea: kuwafikisha wazee Lubumbashi kwa ajili ya mahari ya mdogo wangu, na kuwatafutia mahali pa kulala. Tulikuwa wanne, yaani baba mdogo ambaye ndiye msemaji wetu, shangazi ambaye hasemi hadharani lakini ndiye anayeamua, mama yangu, na mimi mwenye kubeba mikoba na dola. Mdogo wangu anafanya kazi katika kampuni ndogo inayohudumia migodi na anaishi katika chumba kimoja, kwa hiyo kufikia kwake hakukuwezekana. Mambo ya mahari yalikwenda vizuri kuliko tulivyostahili, na si habari ya leo. Ninaandika juu ya hoteli, kwa sababu tangu tuliporudi kila anayepanga safari ya huko huniuliza mimi, na nimechoka kusimulia kisa kile kile kwa simu huku salio likiisha.

Lazima nianze na ushauri niliopewa. Mtoto wa mjomba wetu, ambaye ameishi Katuba, huko huko Lubumbashi, miaka mingi, alinieleza mambo matatu kwa sauti ya mtu anayeujua mji: nichague hoteli ya katikati karibu na stesheni ili tufanye kila jambo kwa miguu, niangalie picha zake kwenye simu ili nisidanganywe, na nilipe siku zote kwa mkupuo ili nipunguziwe bei. Nilifuata yote matatu, na yote matatu yaliniumiza. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mwenyeji ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa habari za hoteli za mji wake, kwani yeye ana kitanda chake na hajawahi kulala hotelini hata usiku mmoja.

Jambo la nne, ambalo hakuna aliyeniambia na ambalo kiburi changu kilinizuia kuuliza, ni baridi. Mimi ni mtu wa milimani. Bukavu iko juu zaidi ya Lubumbashi kwa mita mia tatu hivi, na nilipomwona mama akikunja sweta mbili ndani ya mkoba nilimcheka, nikamwambia kwamba tunakwenda mji wa shaba, si Ulaya. Sikukumbuka kwamba sisi tuna Ziwa Kivu linalotunza joto la mchana hadi usiku, na kwamba tuko karibu na mstari wa Ikweta, ilhali Lubumbashi iko kusini kabisa ya nchi, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba ni msimu halisi wa baridi. Mvua hakuna, mawingu hakuna, na jua likishazama joto lote hupanda mbinguni. Mchana unatembea na shati, na alfajiri kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nilijua hayo saa tisa ya usiku wa kwanza, nikiwa nimevaa suruali mbili.

Hoteli yenyewe ilikuwa na uso mzuri: vioo, ngazi za vigae, na kochi kubwa jeusi pale mapokezi. Msichana wa mapokezi alizipokea dola zangu na kuzipima moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazikunja, akazinyoosha, halafu akanirudishia noti ya 50 kwa sababu ilikuwa na mpasuko pembeni usiozidi bawa la mbu. Sikubishana, maana kila Mkongo anajua kwamba noti ya dola iliyochanika hapa kwetu ni karatasi tu, hata kama ingepokelewa kwingineko. Nilitoa nyingine, nikalipa vyumba viwili kwa siku tano, kama dola 40 kwa chumba kwa usiku mmoja baada ya hilo punguzo, nikapewa risiti yenye muhuri. Risiti hiyo niliikunja nikaiweka ndani ya kitambulisho changu. Iangalieni vizuri, itarudi.

Chumba cha juu tulicholala mimi na baba mdogo kilikuwa na dirisha ambalo picha za kwenye simu zililisifu sana, na kwa hilo picha hazikusema uongo: lilionyesha bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na ule mlima mweusi wa masalia ya shaba ambao ndio alama ya mji. Baba mdogo, ambaye alisoma zamani wakati mji huu ukiitwa Élisabethville, jina lililobaki hadi mwaka 1966, alisimama hapo robo saa nzima akifurahi kama mtoto. Hiyo ndiyo robo saa nzuri pekee tuliyoipata katika jengo lile. Chini ya dirisha hilo hilo palikuwa na jenereta. Umeme ulikatika saa kumi na mbili na nusu jioni, jenereta ikawashwa, na vikombe vikaanza kutembea vyenyewe juu ya meza. Saa nne usiku ilizimwa ili kuokoa mafuta, nasi tukashukuru, lakini kelele ile ilikuwa imefunika muziki wa baa ya ng'ambo ya barabara, ambao sasa uliingia bila kubisha hodi. Baa ilifunga kama saa nane. Saa nane na nusu waumini wa kanisa la nyuma walianza maombi ya usiku kwa kipaza sauti.

Bafuni palikuwa na mtungi mweupe wa kupashia maji, wenye taa nyekundu iliyowaka vizuri kila umeme ulipokuwepo. Shangazi, katika chumba chao, aliusubiri mtungi wa namna hiyo hiyo kwa saa mbili nzima, akiwa amejifunga kitenge na taulo begani, akifungua bomba kila baada ya dakika chache na kulifunga tena kwa heshima, akiamini kwamba maji yanahitaji muda. Mwishowe alinituma nitazame. Nilipanda juu ya kiti, nikaona kwamba bomba la kutokea kwenye mtungi lilikuwa limekatwa na kuzibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Taa ilikuwa ya mapambo. Shangazi aliutazama mtungi ule kwa muda, akasema neno moja la Kimashi ambalo sitaliandika, akarudi kitandani bila kuoga. Godoro lao lilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani na lilipiga kelele kila mtu alipogeuka, na blanketi lilikuwa moja kwa watu wawili, jembamba kiasi cha kuona taa upande wa pili.

Kijana mmoja wa usiku alituonea huruma akataka kutuletea mbabula yenye makaa chumbani tuotee moto, madirisha yakiwa yamefungwa. Nilimkatalia kwa ukali, labda ukali uliozidi kiasi, kwani makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayomuua mtu usingizini, na kwetu Bukavu familia nzima zimewahi kukutwa asubuhi hivyo. Afadhali suruali mbili.

Asubuhi nilishuka kudai pesa za siku zilizobaki. Jaribio la kwanza lilikuwa la adabu: nilieleza habari za mtungi, blanketi na jenereta, na msichana akanijibu kwamba pesa ikishaingia kwenye kitabu haitoki. Jaribio la pili alilifanya baba mdogo, ambaye alivaa koti, akaketi, akaanza kwa methali mbili na historia ya ukoo wetu, kama vile mapokezi ndio wakwe. Msichana alimsikiliza kwa unyenyekevu mkubwa, akamwita papa mara nyingi, na mwisho akamwambia kwamba meneja pekee ndiye anayeweza kuamua, naye amesafiri kwenda Likasi. Jioni alikuwa bado Likasi. Tukalala usiku wa pili pale pale, na siuelezi, kwa sababu ulifanana na wa kwanza isipokuwa maombi yalianza mapema.

Asubuhi ya pili niliacha kuuliza watu wenye makochi. Mbele ya lango palikuwa na mama mmoja aliyeuza mandazi na chai, na nilikuwa nimeona kwamba wafanyakazi wote wa hoteli za jirani wanakunywa kwake. Nilinunua mandazi mengi kuliko njaa yangu, nikamweleza shida yangu. Alicheka, akasema, "Papa, wewe uliangalia vioo. Angalia kamba. Nyumba ambayo mashuka yanaanikwa kila asubuhi, hiyo ina maji na ina watu." Akanitajia nyumba ya wageni upande wa Golf, ambayo mdogo wake alikuwa akifua, na akanionya nisiende mchana bali jioni, wakati umeme umekatika, ili nione wanavyoishi.

Nilifanya hivyo. Nilifika saa moja usiku, giza tupu, nikakuta taa ndogo ya sola kwenye ukumbi na mashuka manane bado kwenye kamba uani, yamekakamaa kwa baridi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyekuwa mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alinishikia tochi huku nikifungua kila bomba, nikivuta maji ya choo, nikikalia kila kitanda na kusimama kimya dakika mbili nikisikiliza. Nilidhani atakasirika. Aliniuliza tu kama nimewahi kulala mahali pabaya. Kisha akanieleza bila kuficha kasoro zote: maji ya moto hayatoki bombani, yanachemshwa uani kwenye mbabula na unayaomba saa moja kabla, lango linafungwa saa nne usiku, chumba cha mwisho kina mlango unaokwaruza sakafu. Bei ilikuwa chini ya 30, na alikataa kabisa kupokea pesa ya zaidi ya siku moja. Nilimwambia tutakuja usiku ule ule.

Zilibaki zile dola 240 za watu. Nilirudi hotelini saa mbili hivi, na hapo Mungu aliniletea wanaume wanne wenye vumbi hadi kwenye nyusi, waliotoka Kolwezi kwa gari, wakitaka vyumba viwili kwa siku tatu. Msichana aliwaambia pamejaa. Nilikuwa nimekaa kwenye lile kochi jeusi. Nikasimama, nikatoa kitambulisho, nikakunjua risiti, nikawaambia, "Wakubwa, vyumba viwili kwa siku tatu ninavyo mimi, na nitawauzia kwa dola 35." Nilikuwa tayari kupoteza hizo tano tano na kuhesabu kwamba zimeliwa na panya. Niliwaambia pia ukweli juu ya mtungi na jenereta, lakini watu waliotoka mgodini hawakuonekana kujali.

Msichana alipandisha sauti: "Papa, hauwezi kuuza chumba cha hoteli!" Nilimjibu kwamba siuzi chumba, ninauza usiku, usiku huo niliununua, muhuri wao upo, na kama pesa haitoki kitabuni basi na usiku wangu hautoki mfukoni. Wale wa Kolwezi wakaanza kucheka na kuhesabu noti. Baba mdogo, aliyekuwa akishuka ngazi na mkoba, alisimama katikati na kupiga makofi. Ndipo mlango wa nyuma ya mapokezi ulipofunguka, na meneja akatokea kutoka Likasi akiwa amevaa kandambili.

Alikuwa mtu mwenye akili. Alielewa mara moja kwamba akinirudishia dola zangu ataviuza vyumba vile kwa bei kamili, na kwamba akikataa nitaviuza mimi mbele ya macho yake. Alihesabu 240 juu ya meza. Nilizichukua moja moja, nikazipeleka kwenye taa, nikazikunja, nikazinyoosha, nikamrudishia noti mbili: moja kwa mpasuko, nyingine kwa doa la wino. Sikuhitaji kufanya polepole kiasi kile. Nilifanya polepole.

Kabla ya saa nne tulikuwa ndani ya lango la yule mama. Kila kitanda kilikuwa na mablanketi mawili mazito, na beseni la maji ya moto lilikuwa mlangoni kwa shangazi, likitoa moshi gizani. Alioga muda mrefu hata mama akaenda kumwita. Asubuhi tulikula mkate na mayai jikoni, na tulipobaki kwa chakula cha mchana tulipewa kile ambacho sisi tunakiita bugali na wao wanakiita bukari, pamoja na sombe, yaani majani ya muhogo, bila kuongezewa bei niliyoigundua. Mlango wa chumba cha mwisho ulikwaruza sakafu kweli, kama tulivyoambiwa, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya kuondoka shangazi alimvuta mwenye nyumba pembeni, wakazungumza kwa kunong'ona, na kwenye uwanja wa ndege wa Luano mkoba wake ukapimwa ukaonekana umezidi uzito. Lilikuwa blanketi. Nililipa uzito uliozidi, fedha ambayo sasa siikumbuki na sitaki kuikumbuka. Mtoto wa mjomba naye amepiga simu juzi: anakuja Bukavu mwishoni mwa mwaka, na ameniomba nimtafutie hoteli nzuri. Nimemjibu kwamba ninaifahamu moja, ipo katikati kabisa ya mji, na kwamba akilipa siku zote kwa mkupuo watampunguzia.