Jua likipatwa kikamilifu, uangalie wapi?

Saa nzima na ushei ya mwanzo huenda taratibu. Mwezi unalimega jua upande mmoja, lakini bila miwani maalumu (yenye alama ya ISO 12312-2) hutajua kinachoendelea, kwa kuwa mchana uko vilevile. Miwani yenye mkwaruzo au tundu itupe. Retina haisikii maumivu: jicho huungua kimyakimya, uoni ukaja kuharibika saa kadhaa baadaye. Wakati huo angalia pia chini ya mti. Kila upenyo kati ya majani huangusha ardhini picha ya jua, na vile viduara sasa vimekuwa hilali.

Uhondo uko dakika mbili za mwisho kabla jua halijazibwa lote, na ndizo wengi huzipoteza wakihangaika na kamera. Tandika shuka jeupe mapema. Huenda ukaona juu yake mistari hafifu ya kivuli ikikimbia na kutetemeka, kwa sababu hewa inaupindapinda mwanga wa ukingo mwembamba wa jua uliobaki. Haitokei kila mara. Halafu inua macho, miwani ikiwa bado usoni: ukingo ule unakatika vipandevipande, mwanga ukipenya kwenye mabonde ya mwezi. Hizo ndizo shanga za Baily, kwa jina la Francis Baily, mwanafalaki Mwingereza aliyezieleza mwaka 1836. Inabaki moja tu, inayong'aa kama kito kwenye pete.

Ikizimika, vua miwani. Kwa sekunde chache utaona uzi mwekundu pembeni, kromosfia (tabaka jembamba la gesi juu ya uso wa jua), pengine na ndimi nyekundu zinazochomoza. Kuuzunguka mwezi mweusi imetanda korona, yaani angahewa ya nje ya jua, nyeupe, yenye mwanga unaokaribia wa mwezi mpevu. Jua likiwa na madoa mengi, korona husambaa pande zote. Likitulia, hurefuka zaidi kwenye ikweta yake, upande huu na huu. Zungusha macho upesi: upeo wote una rangi ya machweo, na Zuhura huwa imeshajitokeza ikiwa iko juu ya upeo. Giza hili halifiki dakika nane popote duniani, na mara nyingi ni mbili au tatu tu.

Usiridhike na jua kuzibwa asilimia 99. Ile moja iliyobaki inang'aa mara maelfu kuliko mwezi mpevu, hivyo korona huioni na miwani huivui. Safiri hadi ndani ya njia ya kivuli, hata kama ni kilomita chache. Mwanga wa kwanza ukichomoza upande wa pili, rudisha miwani papo hapo.