Ukingo mweupe kwenye picha iliyokatwa: nilivyouondoa

Nilikuwa natengeneza kadi ya harusi ya binamu yangu kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Picha yake ilipigwa mbele ya ukuta mweupe. Nikamkata, nikamweka juu ya leya (tabaka la picha) ya rangi ya damu ya mzee. Lo! Uzi mweupe umemzunguka kuanzia begani hadi kichwani, utadhani amekatwa gazetini kwa mkasi.

Kwanza nililaumu faili, maana nilihifadhi kwa JPEG, aina ya faili ambayo haibebi uwazi kabisa, yaani sehemu zinazoonyesha kilicho nyuma. Nikahamia PNG, inayoubeba. Uzi uko palepale.

Nilipokuza hadi asilimia 800 ndipo nikaelewa. Pikseli za ukingoni, vile vidoto vidogo vinavyounda picha, si za gauni wala za ukuta. Ni mchanganyiko wa vyote viwili. Ukuta nimeutoa, weupe wake umebaki.

Basi nikageuza uwazi wa leya kuwa eneo lililochaguliwa, yaani umbo la binamu tu bila sehemu tupu, nikalipunguza kwa pikseli 2, nikalainisha ukingo kwa pikseli 1, kisha nikatengeneza barakoa ya leya kutokana nalo. Barakoa huficha tu, haifuti, kwa hiyo ukikosea unarudi.

Gauni likatulia. Nywele, hapana: vile vinyweleo vya pembeni vililiwa vyote. Nikarudi kwenye picha ya awali, nikachagua ukanda wa nywele tu, nikatumia amri ya kugeuza rangi kuwa uwazi kwa rangi nyeupe. Nywele nyeusi zilitoka safi. Hereni ndiyo ilinichekesha: mng'ao wake nao ukawa tundu. Nikatengua, nikairuka, nikarudia.