Ukungu kwenye lenzi ya 40x: jinsi nilivyouondoa

Wiki nzima lenzi ya 40x (inayokuza mara 40) ya hadubini yangu ilionyesha seli za kitunguu kama zimefunikwa na ukungu, ilhali kwa 10x kuta zake zilionekana wazi kabisa. Nilibadilisha slaidi, nikapunguza mwanga, wapi! Nikazungusha lenzi ya jicho, ile ya juu ya kuchungulia. Ukungu haukuzunguka nayo, basi tatizo halikuwa pale. Nikaichomoa, nikaigeuza juu chini na kuitumia kama kioo cha kukuzia kukagua ncha ya ile ya 40x. Kumbe mafuta yanayodondoshwa kwenye slaidi kwa ajili ya lenzi ya 100x yalikuwa yameganda pale! Nililowesha karatasi laini ya kusafishia lenzi kwa tone la alkoholi ya isopropili, nikaipitisha taratibu bila kusugua, kila mara karatasi mpya. Viini vya seli vikajitokeza, vyote.