Nielekeze njia, bibi

Jamani habari za siku. Nimekuwa kimya muda kidogo, kazi zimebana na mvua za huku kwetu nazo mnazijua, ikianza kunyesha umeme unakata na mtandao unafuata. Leo nataka niandike jambo moja ambalo limenikaa kichwani tangu mwezi wa tatu, linahusu bibi mmoja wa Rungwe na simu ya video. Jina lake na kijiji chake naviacha.

Mimi nafanya kazi za ustawi wa jamii, nakaa Uyole hapa Mbeya, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi naifanyia kwenye simu. Kutoka hapa mpaka baadhi ya vijiji vya Rungwe unapanda gari mpaka Tukuyu, halafu bodaboda, halafu miguu kama njia ina utelezi, ukifika saa saba mchana ukikaa kidogo tu unaanza kuwaza kurudi. Kwa hiyo familia wananitafuta WhatsApp, mara nyingi ni mtoto wa mzee aliyeko Dar au Dodoma, tunaunganishwa watatu tunaongea. Inasaidia kwa kweli, kuna wazee nimewafikia hivyo ambao kwa nauli yangu nisingewafikia mwaka huu wala mwakani.

Sasa binti wa huyu bibi akanitafuta, yuko Dar, analia. Mama amepotea mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara ya kwanza alitoka shambani akakutwa jioni kwenye mashamba ya chai upande wa pili kabisa wa kijiji, mara ya pili alikuwa anatoka kanisani, njia ya dakika kumi na tano, akatembea mpaka giza. Na majirani wameshaanza maneno, kuna anayesema bibi kachezewa, kuna anayesema bibi mwenyewe ndo anajua anakokwendaga usiku, na mnaelewa maneno kama hayo yanampeleka wapi mzee anayeishi na wajukuu wawili wadogo. Hilo lilinitisha kuliko hata huko kupotea.

Nikapiga. Akashika simu mjukuu wa kike, wa darasa la sita, akamuelekezea bibi yake usoni. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, umekula nini, kwenu wapi, una watoto wangapi, akanisimulia bei ya ndizi ilivyoshuka, akaniambia nikija atanipa mkungu wa kubeba. Dakika ishirini za maongezi mazuri kabisa. Binti akaniambia pia kwamba jirani amekata mikaratusi iliyokuwa pale kwenye kona ya kukatia kwenda nyumbani, nikasema basi ndo hiyo, alama yake imeondoka, bibi anakosea kona. Nikaandika kwenye daftari langu: anaongea vizuri, kumbukumbu haina shida. Sentensi hiyo ninayo mpaka leo, sijaifuta, na ilikuwa makosa.

Wiki mbili baadaye akapotea tena. Usiku ule sikulala, nikakaa nasoma kuhusu watu wanavyokumbuka njia, na nilichokuta ndo kimenifanya niandike leo.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu inaitwa hipokampasi. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky kule London waliandika kwamba kwenye sehemu hiyo ya panya kuna seli zinazowaka panya akifika mahali fulani tu, akisogea zinanyamaza na zinawaka nyingine. Mwaka 2005 timu ya May-Britt Moser na Edvard Moser huko Trondheim, Norwei, ikakuta jirani ya hapo seli nyingine zinazopima nafasi kama vyumba vya nyavu, na mwaka 2014 hao watatu, O'Keefe na akina Moser, wakapewa Nobel. Kwa hiyo ile ramani tunayotembea nayo kichwani ina mahali pake kabisa pa kukaa. Na kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndo unaongoza kuleta ugonjwa wa kusahau kwa wazee, maeneo hayo hayo ni ya mwanzo kabisa kushambuliwa. Nilisoma hapo nikarudia mara tatu. Yaani njia inaweza kuanza kupotea wakati mdomo bado mzima, bado unasalimia, unatania, unajua bei ya ndizi!

Kuna mchezo wa simu ulitolewa 2016 unaitwa Sea Hero Quest, unaangalia ramani halafu unaendesha mashua kufuata vituo ulivyoviona, na zaidi ya watu milioni 4 duniani waliucheza, wanasayansi wakapata kwenye simu za watu data ambazo maabara isingezipata. Mwaka 2019 walichapisha kwamba watu wenye jeni (chembe ya urithi kutoka kwa wazazi) inayoongeza hatari ya Alzheimer walikuwa wanapita njia mbovu zaidi kwenye mchezo huo, wakati vipimo vya kawaida vya kumbukumbu havikuonyesha tofauti yoyote kati yao na wengine. Na 2022, wakiangalia karibu watu 400,000 wa nchi 38, wakakuta waliokulia nje ya miji kwa ujumla wanajua njia kuliko waliokulia mjini, hasa ikiwa ni miji ya mitaa iliyonyooka kama Chicago. Hapo nilifikiria vijia vyetu vya huku milimani, vinavyozunguka migomba, vinashuka mtoni, vinapanda tena, na mtoto wa miaka saba anavipita peke yake na ndoo kichwani.

Ila aliyenigusa zaidi ni mzee mmoja wa Marekani, kwenye majarida anatajwa kwa herufi tu, E.P. Ugonjwa wa virusi ulimharibia hipokampasi zote mbili mwaka 1992, baadaye akahamia San Diego. Edmond Teng na Larry Squire walichapisha habari zake 1999. Mtaa aliokuwa anaishi hakuweza kuujua, hata umuulize kila siku. Lakini mji aliokulia, alioondoka zaidi ya miaka 50 nyuma, alikuelekeza sawasawa, na ukimwambia barabara kubwa imefungwa, alikutafutia njia nyingine ya kukufikisha.

Nikapiga tena Rungwe. Safari hii sikuuliza habari za ndizi. Nikasema bibi, mimi nataka kuja wikiendi, nikishuka pale barabarani nifikeje kwako?

Akasema ukishuka unafuata njia, unashuka mpaka mtoni, unavuka kidaraja cha miti, unapanda, halafu... halafu unashuka mtoni. Akaanza upya. Unafuata njia, unashuka mtoni, unavuka, unapanda, unashuka mtoni. Mara tatu. Niliona mkono wake umeshika pindo la kitenge analizungusha kwenye kidole, analiachia, analizungusha tena, na mjukuu akanong'ona "bibi, kwa mama mchungaji" na bibi akamkazia macho. Halafu ghafla uso ukafunguka akasema "aa, wewe pita njia ya kwetu," akanipa njia nzima bila kusita hata mara moja: mianzi iwe mkono wa kulia, kuna jiwe watu wananolea mapanga, ukilipita usikate kushoto kuna tope, nenda mpaka uone nyumba ambayo mlango wake unautazama mlima, hapo ndo kwa baba. Binti kutoka Dar akasema kwa sauti ndogo, hapo ni kwao alikozaliwa, hapa tulipo amehamia 2011 baada ya baba kufariki.

Nilizima kamera yangu kidogo nikafuta macho.

Mimi siyo daktari na swali la njia siyo kipimo cha ugonjwa. Ila lilitosha kuwaambia wamlete hospitali mjini, na daktari alianza na damu, sukari, presha na dawa anazotumia, maana kuna mambo yanayotibika ambayo nayo yanamchanganya mzee, kisha ndo akasema ugonjwa wa kusahau umeanza. Karatasi ile binti aliipiga picha, nikaomba ruhusa yake, tukaisoma na mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji kwenye simu, polepole, kwa Kiswahili cha kawaida. Maneno ya majirani hayajaisha yote lakini yamepungua, na mchungaji mwenyewe aliyakemea kanisani.

Kuna kosa lingine nilifanya, nalisema ili mwenzangu asilirudie. Niliwashauri wafunge kitambaa cha kung'aa pale kwenye kona ilipokatwa mikaratusi, kiwe alama mpya. Wakafunga kitenge. Siku ya pili tu zogo, nani kafunga kitu njia panda, na nilipaswa kulijua hilo maana nimezaliwa huku huku. Kikatolewa, vijana wakapaka chokaa jiwe kubwa lililokuwepo pale pale, hilo halikumsumbua mtu. Nyumba yenyewe ina kibao cha anwani za makazi kilichowekwa 2022, namba ipo, ila bibi hajawahi kumuelekeza mtu kwa namba, anaelekeza kwa mti na jiwe na mto, kwa hiyo msaada wake uwe wa jiwe.

Na kuhusu simu yenyewe, nimejifunza kwamba kamera inakuonyesha uso tu, na uso wa mzee mwenye heshima zake utakupokea vizuri hata kama ndani ana hofu. Siku hizi namuomba anayeshika simu aigeuze, watembee wote wawili mpaka chooni, mpaka bombani, mzee atangulie, mtoto afuate nyuma kimya asimsaidie. Bando linaisha haraka, najua, huwa natuma vocha kabla. Na pia namuomba mtoto atoke kidogo tuongee na mzee peke yake, maana aliyeshika simu anasikia yote na kuna mambo mzee hawezi kuyasema mbele ya mjukuu.

Bibi sasa anaenda kanisani na mjukuu mkubwa, wanashikana mikono, na jioni mjukuu anamrekodi akielekeza ile njia ya kwao, wameshafika mpaka kisima cha babu yake. Alhamisi nina simu na mzee mmoja wa Makete, mwanaye anasema mzee yuko vizuri kabisa ila siku hizi hapendi kutoka nyumbani. Nimeshaandika juu ya ukurasa: aniambie njia ya kwenda mashine ya kusaga.