Mpima mizigo naye akapimwa

Kazi yangu ni kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na kabla ya hapo nilikuwa mpagazi misimu minne. Mtu akinishikisha begi, mkono unajua wenyewe. Nalinyanyua, nalishusha, nasema "kumi na nne na kitu", mizani inaleta kumi na nne na nusu. Pale geti la Machame kila mzigo wa mpagazi unapimwa kabla hatujaingia msituni, mwisho kilo 20. Nimeshabishana na mgeni aliyetaka kupanda na mashine ya kukaushia nywele kwenda mahali ambako hakuna umeme siku sita. Nimeshawatolea watu suruali za jinzi, vitabu, chupa za Konyagi. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba aliyetozwa yuro 60 kwa sababu ya begi, huko ughaibuni, mbele ya foleni ya watu wazima, hakuwa mgeni wa mizigo. Ni mimi.

Dada yangu anaishi kaskazini mwa Italia. Mwaka jana alijifungua, na kwa kuwa Aprili ni mwezi wa mvua na mlimani hakuna kazi ya maana, nikaamua kwenda kumwona mpwa wangu. Nikakata tiketi mbili tofauti. Ya kwanza kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, hadi uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya, shirika la kawaida, begi la kilo 23 ndani ya nauli. Ya pili, ya kumalizia safari, nikaikuta kwenye simu usiku nikiwa kitandani: yuro 29. Nikaigeuza kwa shilingi, elfu themanini na kitu. Nikamwamsha mke wangu kumwonyesha. Hakufurahi kama nilivyotarajia.

Sasa, mzazi wa Kichagga anakunywa mtori, ile supu nzito ya ndizi. Hilo halina mjadala nyumbani kwetu Rau. Mama alianza kuchagua ndizi wiki nzima kabla ya safari.

"Mama, ndege ina kilo."

"Kilo gani? Mbona wageni wako wanashuka na mabegi kama majeneza?"

"Wamelipia."

"Na wewe lipia. Utamwendea dada yako mikono mitupu, mtu ametoka uzazi?"

Niliuliza uliza kwanza kama ndizi zinaruhusiwa, nikidhani nitapata pa kumkatalia. Kumbe matunda mengi ukiyapeleka nchi za Umoja wa Ulaya yanadai cheti cha afya ya mimea, parachichi na embe yakiwemo, lakini yapo matano yaliyosamehewa: nanasi, nazi, tende, durian na ndizi. Yaani dunia nzima walikaa wakachagua matunda matano, la Mchagga likawemo. Nyama na maziwa ndivyo haviguswi, kwa hiyo samli ya shangazi ilibaki. Ndizi zikaingia kilo tisa, kila kichane kimefungwa kwenye gazeti. Kahawa pakiti nne za robo kilo. Kitenge. Na chupa ya asali ya nusu lita ambayo Mama aliichomeka katikati ya ndizi bila kuniambia. Nikapima kwa mizani yangu ya kuning'iniza, ile ya kazini: 23 kamili. Nikajipongeza.

Nilichokuwa sijakiweka akilini ni kwamba kilo 23 ilikuwa ahadi ya ndege ya kwanza tu. Ya pili haikunijua. Nilikuwa nimenunua kwao begi la kilo 20, kwa sababu lilikuwa na bei ndogo kidogo kuliko la 23, nikasema moyoni, nani atagombania kilo tatu? Hayo ni mawazo ya stendi ya basi. Pale stendi ya Moshi mkungu wa ndizi una bei ya asubuhi na bei ya gari linapoanza kunguruma. Konda anataja elfu kumi, unamwambia elfu tatu, anatazama buti, anatazama uso wako, mnakutana katikati. Nimekua na akili hiyo.

Dawati la shirika la bei nafuu halina konda. Kuna binti mwenye adabu sana na kioo kinachosoma 23.4. Akanionyesha bei ya kila kilo iliyozidi, akaniuliza kwa upole kama nataka kulipa au kupunguza. Nikamwambia napunguza.

Nikapiga magoti pembeni, nikafungua begi. Wale wanaonifahamu wafikirie: mtu mwenye cheo chake mlimani, ambaye wagumu, yaani wapagazi, wakimwona wanasimama, yuko sakafuni anafunua magazeti yenye ndizi mbichi, na ile foleni inamzunguka kama maji yanavyolizunguka jiwe. Nikavua raba, nikavaa buti za mlima. Zinakaribia kilo moja na nusu, hizo miguuni hazipimwi. Nikavaa koti la kilele, lile la manyoya ya bata linalovaliwa saa sita usiku watu wakitoka kambi ya Barafu. Ndani ya ukumbi kulikuwa na joto la Kahe. Kahawa mbili mfuko wa kulia, mbili wa kushoto. Kichane kimoja cha ndizi na ile asali, ambayo ndiyo kwanza nakutana nayo, nikavitia kwenye begi la mgongoni. Nikarudi dawatini: 19.8. Binti akatabasamu. Nikatabasamu. Jasho linatiririka mgongoni.

Kwenye ukaguzi asali ikachukuliwa. Hapo nisimlaumu mtu, kanuni ya mililita 100 kwa kila chombo ipo viwanja vingi tangu 2006, baada ya ule mpango wa kulipua ndege uliogunduliwa London, na kwa wakaguzi asali ni kimiminika hata kama imeganda kiasi cha kusimamisha kijiko. Ingebaki kwenye begi kubwa ingefika salama. Niliitoa huko kuokoa uzito, nikaipoteza kwa ujazo. Ndivyo kanuni hizi zinavyokukamata: unatoroka moja, ya pili imekaa mlangoni.

(Jambo moja nje ya mada. Sisi waongozaji huku tunaitana "gaidi", neno tulilolitwaa kwa Kiingereza na kulitamka tupendavyo. Mwenzangu alinipigia nikiwa kwenye foleni ile ile, simu iko sauti ya juu: "Gaidi, umeshavuka?" Nilikata simu kwa kasi ambayo sijawahi kuitumia. Mkiwa viwanja vya ndege itaneni kwa majina.)

Halafu geti. Nilikuwa na begi langu la mgongoni la lita 35, nimepanda nalo kilele mara zisizo na idadi, naliita begi dogo kwa sababu mlimani ndilo dogo. Pembeni mwa mlango kumesimama kisanduku cha chuma. Mfanyakazi akanionyesha kwa kidole: tumbukiza. Begi hili lina fremu ya alumini mgongoni ili likae sawa kwenye mabega, halikunjiki. Likaingia theluthi mbili, likagoma. Nikalikandamiza kwa goti. Nikalitoa, nikaondoa kichane cha ndizi, nikakikumbatia kama mtoto, nikajaribu tena. Lina sentimita 55 kwenda juu, na ndizi hazikuwa tatizo. Yuro 60. Mara mbili ya tiketi na chenji inabaki. Kwa fedha yetu laki moja na sabini na kitu, na mashine ya kadi ilikuwa imeshawashwa kabla sijamaliza kushangaa.

Nilipompigia dada alicheka mpaka mtoto akaamka. "Wewe si ndiye unayewapimia wazungu mizigo, mdogo wangu?"

Nilikaa kwake wiki tatu, na jioni mtoto akilala nilikuwa nasoma masharti ya mashirika haya moja baada ya jingine, kwa hasira kwanza, baadaye kwa kufurahia, kama mtu anayesoma mbinu za timu iliyomfunga. Nauli ya chini kabisa inanunua kiti na begi moja linaloingia chini ya kiti cha mbele. Basi. Ryanair na Wizz Air wanaandika sentimita 40 kwa 30 kwa 20, easyJet 45 kwa 36 kwa 20, na kwa kawaida magurudumu na mishikio inahesabiwa ndani ya hizo. Begi la kuburuta ambalo wengi wetu tunaliita la mkononi, lile la kuweka juu ya vichwa, ni bidhaa nyingine yenye bei yake. La kwenda tumboni mwa ndege ni bidhaa ya tatu. Na bei hizo hazikai mahali pamoja: zinabadilika kwa safari na kwa siku, na kwa kawaida ni rahisi zaidi ukilipia pamoja na tiketi, zinapanda ukiongeza baadaye, zinauma dawatini, na getini ndiko zinakong'oa jino.

Nilidhani ni uchoyo tu. Uchoyo upo, lakini kuna hesabu. Ndege za aina ya Boeing 737 au Airbus A320 zinabeba watu 180 na zaidi, na yale makabati ya juu hayawezi kumeza begi la kila mmoja. Watu wakianza kutafutana nafasi ndege inachelewa kuondoka, na mashirika haya yanaishi kwa kugeuza ndege haraka. Ryanair wanapanga dakika 25 tu kati ya kutua na kupaa tena. Wao walianza kutoza begi la tumboni mwaka 2006. Miaka miwili baadaye, mafuta yalipopanda, American Airlines wakaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza, na wengi wakafuata. Sisi huku tulionjeshwa mapema kuliko tunavyokumbuka: fastjet walipoanza safari za Dar–KIA mwishoni mwa 2012, nauli ilikuwa ya kiti na begi likawa na nauli yake. Tulilalamika miezi michache, tukazoea, halafu wakaondoka 2018 tukasahau somo. Mimi nililisahau, angalau.

Kilichonichukua muda kukielewa ni kwamba nilikuwa napima kitu tofauti na wanachokipima wao. Kilo 20 za Machame ni kwa ajili ya shingo ya mpagazi. Zile kilo 15 na begi laini wanazodai ndege ndogo za kutoka Kisongo, uwanja wa Arusha, kwenda Serengeti ni kwa ajili ya ndege yenyewe, kwa sababu Cessna Caravan, ndege yenye injini moja, ina nafasi finyu na inatua kwenye kiwanja cha udongo. Vipimo hivyo havikuwekwa ili kuuza kilo. Hawa wengine wana kikomo kama hicho, kilo 32 kwa begi moja ili kulinda migongo ya wapakiaji, lakini chini ya hapo kila kilo ni duka, na mimi nilikuwa nimeingia dukani nikidhani niko getini.

Watu watatu wameshaniuliza kuhusu kuunganisha tiketi mbili kama nilivyofanya, kwa hiyo niliweke hapa: tiketi zikiwa mbali mbali, kwa kawaida begi lako haliunganishwi. Unashuka, unapita uhamiaji, unalichukua, unalikabidhi upya. Mimi viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, nilikuwa nayo kwa sababu Italia ndiko nilikokuwa naenda. Lakini Mtanzania anayekwenda, tuseme, Ireland, ambayo haimo Schengen, akinunua tiketi mbili za kukutania nchi ya Schengen, begi lake litazunguka kwenye mkanda ng'ambo ya dirisha la uhamiaji na yeye hana viza ya kulifuata. Ukijumlisha viza, begi, na ndege inayoweza kukuacha bila mtu kuwajibika, ile tiketi moja iliyoonekana ghali inaanza kupendeza.

Na benki ya umeme ya simu, yaani power bank, ikae nawe, usiitie begi la tumboni. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (saa-wati, kipimo cha umeme uliohifadhiwa), kikomo cha kupita bila kuomba ruhusa ni 100.

Kurudi nilirudi kama mwanajeshi. Begi la 23 limelipiwa pamoja na tiketi, la mgongoni nimeazima la shemeji, laini, halina fremu, nimelipima kwa rula ya mtoto wake mkubwa. Kilipo kile kisanduku cha chuma nilitumbukiza mwenyewe kabla sijaambiwa. Hakuna aliyetazama.

Nyumbani nilitafuta boksi gumu la maji ya kunywa, nikalikata na kuligundisha likawa 40 kwa 30 kwa 20, nikaandika vipimo kwa kalamu nene. Kwa miezi kadhaa lilikuwa na kazi. Jirani anayempeleka mwanawe kusoma Poland alikuja nalo begi, likagoma, akarudi mjini kulibadilisha. Wengine walikuja kushangaa tu. Juzi mteja kaniomba vipimo nikaenda kulichukua uani, nikakuta Mama ameshatoboa matundu pembeni na kutandika pumba. Wamo vifaranga kumi na wawili, na wametoshea.