Siku yangu na mzee wa Koboko

Saa 11:30 alfajiri. Boda inanishusha getini, Kampala bado giza. Kabla ya mgonjwa yeyote, mashine yenyewe ya mionzi ya kutibu saratani hupimwa: leza, kitanda, kiasi cha mionzi. Leza ikipotoka milimita 2 tu, nasimamisha kazi. Wenzangu huniita msumbufu, na sijakataa.

Saa 2. Benchi limejaa. Wa kwanza ni mwanajeshi mstaafu kutoka Koboko. Kikakwa chake sikijui, Kiluganda changu hakitaki, basi tunaelewana kwa Kiswahili cha kambini. Saratani ya tezi dume imehamia kwenye pingili za kiuno.

"Afande, miguu ina ganzi? Mkojo unatoka vizuri?"

"Mgongo tu, kijana. Unawaka moto."

Afadhali. Uvimbe ukibana ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, tunashindana na saa. Mtu anaweza kupooza.

Saa 3. Kumlaza ndiyo kazi yenyewe. Alama za wino alizochorwa juzi kwenye CT, mashine ya picha za ndani ya mwili, lazima zikutane na leza, na kalala kwa maumivu, kila akihema anasogea. Dakika 20 zinaisha kwenye mto wa magoti peke yake. "Kama paredi, Afande." Akatulia kama mti. Mionzi yenyewe ni dakika chache, wala haisikiki mwilini.

Saa 4. Mpwa wake kanifuata koridoni, kakunja uso: wengine wanakuja siku 10, mjomba mara moja tu, mmetupunja? Swali zuri. Nikamweleza kwamba kwa maumivu ya mfupa, grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) mara moja hutuliza sawa na dozi nyingi, ingawa huenda akahitaji kurudiwa baadaye. Ile mionzi ya kulenga kwa dozi kubwa sana ni habari nyingine: inataka picha za MRI na mgonjwa aliyeshikizwa asitikisike, maana mshipa wa fahamu uko milimita chache tu kutoka kwenye uvimbe. Mwaka 2016, mashine pekee ya nchi hii ilipokufa, hata hii ya kawaida watu waliifuata Nairobi.

Mchana wote ni saratani za matiti na shingo ya kizazi, na rolex, chapati ya mayai, iliyopoa.

Saa 11 jioni. Mzee bado yuko benchini. Nikamkumbusha: siku mbili tatu maumivu yanaweza kuzidi, asiogope, ameze dawa, nafuu huchukua wiki kadhaa. Mpwa kaenda kituoni kutafuta kiti cha mbele. Nyuma basi linarusha.