Tela langu, wiki ya tano: kilo zimeishia wapi?

Wiki hii sijachomelea kitu, nimeshinda na kalamu na mizani ya bafuni. Jumamosi nililitoa tela kwa mara ya kwanza likiwa na mzigo kamili, kilo 1,800 hivi, na nilikuwa najiamini kabisa maana kitabu cha gari kinasema pikapu yangu inavuta hadi 2,500. Kufika spidi 80 tela likaanza kutikisa mkia, mwanzo kidogo halafu kwa nguvu, nikaachia mafuta bila kukanyaga breki, usukani nimeukaza hivyo hivyo mpaka likatulia. Nilitetemeka jamani.

Kurudi nikapima ule uzito ambao tela linaukalisha kwenye gari pale linapoungwa. Mizani ya bafuni haibebi kilo 200, kwa hiyo nikatumia ubao: ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, mdomo wa tela nikaukalisha theluthi ya ubao kutoka kwenye tofali, ikisoma namba unazidisha mara tatu. Ikasoma 25. Yaani kilo 75, asilimia 4 tu ya uzito wote wa tela na mzigo wake, wakati inatakiwa 10 hadi 15! Mbao zote nilizirundika nyuma ya ekseli ili kushusha iwe rahisi, uvivu tu. Nikazisogeza mbele ikasoma 72, ndo kilo 216, asilimia 12, nikatoka tena barabarani na safari hii halikuyumba.

Sasa hapa ndo nilichoka. Hizo 216 zimebebwa na gari, kwa hiyo zinaingia kwenye hesabu ya mzigo wa gari yenyewe, na stika ya mlango wa dereva inasema watu na mizigo visizidi 650. Mimi 85, mdogo wangu 70, kava la nyuma 90, boksi la vifaa 60, zinabaki 345, toa 216 unabaki na 129. Mifuko miwili ya saruji basi! Na ningevuta hizo 2,500 za kitabuni, asilimia 12 ni 300, ningebaki na 45. Kuna aliyeniambia niongeze springi, lakini springi inanyanyua mkia wa gari tu, ekseli na breki ni zilezile.

Kava nimeshalifungua, limeegemea ukuta. Wiki ijayo nafunga breki za tela, na mdogo wangu atakuja na gari yake.